INJINI IKINYAMAZA, FUNDI ATAKULA NINI?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay. Tumeyachapa ili wale waliokuwa zamu siku ile nao wayapate. Ukisha kusoma, mpe mwenzako.)

Twajua kila saa mnayokaa hapa ni fedha mliyoiacha barabarani, kwa hiyo hatutawazungusha kwa maneno mengi.

Siku chache zilizopita fundi mmoja wa pikipiki kule Rongo alituuliza swali. Alisema: "Nimefanya kazi ya injini miaka ishirini. Sasa namfundisha mwanangu. Anaweza kuifungua injini na kuirudisha mahali pake hata gizani. Lakini nasikia pikipiki zinazokuja hazina injini. Je, nimemrithisha mtoto kazi iliyokufa?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia angoje, tukaenda kutafuta. Leo tumekuja na jibu, na kwa kuwa swali lake ni la wengi, tumeona afadhali tulijibu mbele ya wote: fundi, dereva wa Probox, utingo wa matatu za Isebania, mfanya kazi wa kituo cha petroli, hata mama auzaye petroli kwa chupa kando ya njia.

Tuanze na mambo ya ng'ambo, maana huko ndiko yalikotangulia.

Kwa miaka mingi kampuni za motokaa za Marekani zilipata faida yao kubwa katika magari makubwa, yale yanywayo petroli kama ng'ombe anywavyo maji wakati wa kiangazi. Mwaka 2008 bei ya mafuta ilipanda, na mwezi wa Juni galoni moja ikapita dola 4. Watu wakaacha kuyanunua magari yale. Tarehe 3 Juni 2008 kampuni ya General Motors ikatangaza kwamba itavifunga viwanda 4 vya malori na magari makubwa: Janesville na Moraine huko Marekani, Oshawa huko Kanada, na Toluca huko Meksiko. Siku ile ile ikatangaza kwamba itatengeneza gari la kwenda kwa umeme, jina lake Chevrolet Volt.

Mwenye kusikia habari hii kwa mbali angesema: vizuri, kazi moja imekwisha na nyingine imeanza. Lakini twende Janesville tukaone. Mji ule ulikuwa ukitengeneza motokaa tangu miaka ya 1920. Baba alifanya kazi pale, mwana akafuata, na mjukuu akafuata. Gari kubwa la mwisho lilitoka kiwandani tarehe 23 Desemba 2008, siku mbili kabla ya Krismasi. Na lile gari la umeme? Lilikwenda kutengenezwa Detroit, katika jimbo jingine. Watu wa Janesville, wengine walipata kazi katika viwanda vya mbali vya kampuni hiyo hiyo, wakawa wanawaona watoto wao mwisho wa juma tu. Wengine walipata kazi za mshahara mdogo. Kazi mpya ilikuja, ndiyo, lakini haikuja mlangoni mwa yule aliyepoteza ya zamani.

Tena sikilizeni yaliyofuata. Bei ya mafuta iliposhuka, magari makubwa yalirudi. Lile gari lililojulikana kwa ukubwa wake, Hummer, liliachwa mwaka 2010. Mwaka 2021 lilirudi likiwa la umeme, na uzito wake wapita tani 4. Na Desemba 2025 kampuni ya Ford, iliyokuwa imejitosa katika umeme, ilitangaza kugeuza mipango yake na kuacha kulitengeneza gari lake kubwa la umeme la kubebea mizigo, F-150 Lightning. Mageuzi hayo iliyaandika katika hesabu zake kuwa gharama ya dola bilioni 19.5.

Basi tujue jambo moja. Kampuni haina ndoa na petroli wala haina ndoa na umeme. Kampuni imeoa faida. Faida ikihamia huku, nayo huhamia huku. Ikirudi kule, nayo hurudi kule. Kila inapogeuka, mfanya kazi asiye na mapatano ndiye aangukaye garini.

Je, wenzetu wa Marekani walikaa tu wakitazama? La. Karibu na Lordstown, katika jimbo la Ohio, kiwanda cha motokaa cha General Motors kilisimama Machi 2019. Baadaye kilijengwa jirani kiwanda cha betri za magari ya umeme, kinachoitwa Ultium Cells, cha ubia wa General Motors na kampuni ya LG ya Korea. Kwa kuwa lilikuwa ni shirika jipya, mapatano ya zamani hayakulihusu, na mshahara wa kuanzia ulikuwa mdogo kuliko wa wale wa motokaa. Desemba 2022 wafanya kazi wa betri wakapiga kura ya kuingia katika chama cha wafanya kazi wa motokaa, UAW. Waliosema ndiyo walikuwa 710, waliosema hapana walikuwa 16. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Septemba 2023, chama hicho kikaanza mgomo katika kampuni tatu kwa wakati mmoja: General Motors, Ford na Stellantis. Baada ya majuma sita hivi mapatano yakapatikana, na General Motors ikakubali kwamba wafanya kazi wa betri nao waingie chini ya mapatano makubwa ya kampuni. Mwaka 2024 watu wa Lordstown wakakubali mkataba wao wenyewe.

Tofauti ya 2008 na 2023 haikuwa katika mashini. Mwaka 2008 wafanya kazi waliambiwa baada ya mambo kukatwa. Mwaka 2023 walitia mguu mlangoni kabla mlango haujafungwa.

Sasa turudi nyumbani, asije mtu akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Wazee wa Nyatike wanajua habari za Macalder. Palikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu pale. Ili mitambo ya mgodi ipate nguvu, kituo cha umeme kilijengwa katika maporomoko ya Gogo, mto Kuja, miaka ya 1950. Mwaka 1966 mgodi wa shaba ukafungwa, na watu wakafunga mizigo yao. Kituo cha umeme hakikwenda na mgodi. Kilibaki, na siku hizi ni mali ya KenGen. Umeme ulibaki, kazi ilikwenda. Na hiyo shaba ndiyo iliyomo leo ndani ya kila mota ya umeme. Gari la umeme hutumia shaba nyingi kuliko la petroli. Vijana wa Macalder wanaendelea kuchimba dhahabu kwa sululu na mikono, na hakuna aliyewahi kuwalipa babu zao kwa ajili ya kazi iliyohama.

Twende na Mbita. Mwaka ule ule wa 2008, Janesville ilipokuwa ikifungwa, kule Mbita palifunguliwa kituo cha kuchaji taa za wavuvi kwa nguvu za jua. Waliokifungua ni kampuni ya taa ya Osram ya Ujerumani pamoja na Global Nature Fund. Mnajua wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Pale kituoni mvuvi hakuhitaji kununua taa. Aliweka amana, akalipa ada, akaenda ziwani na taa iliyojaa chaji, na asubuhi akairudisha. Mwaka 2019 likaanzishwa shirika la WeTu, kwa mkono wa Siemens Stiftung ya Ujerumani, na vituo vya kando ya ziwa vikaingia pia katika mambo ya pikipiki za umeme.

Kwa hiyo betri ya kukodi si jambo geni kwetu. Ziwa lilituonyesha kabla ya barabara. Lilituonyesha faida zake: hakuna moshi machoni, hakuna mafuta ya taa yanayomwagika majini. Na lilituonyesha la pili: mwenye betri ndiye mwenye kutaja bei. Naye fundi wa karabai, aliyekuwa akibadilisha soksi na kutengeneza pampu, kazi yake ilipungua kimya kimya, wala hakuwa na chama cha kumsemea.

Sasa tazameni nchi yetu inakokwenda. Sheria ya fedha ya 2019 ilipunguza ushuru wa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Kampuni ya Opibus ilianza Nairobi mwaka 2017, ikabadili jina kuwa Roam mwaka 2022, na mwaka 2023 ikafungua kiwanda cha pikipiki za umeme huko huko Nairobi. BasiGo ilianza mwaka 2021, na mwaka 2022 mabasi yake ya umeme yakaanza kubeba abiria wa Nairobi. Hiyo General Motors tuliyoitaja ilikuwa na kiwanda Nairobi tangu miaka ya 1970. Mwaka 2017 iliuza hisa zake kwa Isuzu, ikaondoka. Na mwezi wa Septemba mwaka 2023 lita moja ya petroli hapa Kenya ilipita shilingi 200. Kila mwendesha pikipiki aliyekaa hapa anaikumbuka siku hiyo.

Hatusemi umeme ni adui. Kijana anayepeleka abiria Rodi Kopany na kurudi, akimaliza siku nusu ya fedha yake imeingia katika tangi, huyo akipata chombo cha gharama ndogo tutamwambia akatae? Haiwezekani, wala si haki. Mwenye kulipiga teke gurudumu linalozunguka huvunjika mguu. Kazi ya chama ni kuhakikisha gurudumu halipiti juu ya watu.

Tuyatazame basi mambo mawili: kazi ya fundi, na fedha ya dereva.

Kwanza fundi. Katika pikipiki ya umeme hakuna pistoni, hakuna kabureta, hakuna plagi, hakuna oili ya injini ya kubadilisha. Kazi hizo zitapungua, tusidanganyane. Lakini bado kuna breki, tairi, beringi, shokomzoba, taa, nyaya, na katika nyingi mnyororo. Barabara ya kwenda Muhuru Bay haitaacha kuvunja shokomzoba kwa sababu pikipiki ni ya umeme. Tena kuna vitu vipya vitatu: mota, betri, na kile kisanduku kinachoamua umeme kiasi gani uende kwenye mota. Mtu anayejua kufuatilia waya ulioungua katika Probox ya zamani amekwisha kupita darasa la kwanza. Kinachobaki ni kufundishwa. Na hatari ipo: pikipiki nyingi za umeme zina volti 72, na basi lina mamia ya volti. Betri ikitobolewa kwa bisibisi yaweza kuwaka moto usiozimika upesi. Fundi asiifungue betri kwa kujaribu-jaribu.

Pili, dereva. Mwaka 2023 halmashauri ya serikali inayosimamia bei za nishati, EPRA, iliweka bei maalum ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti moja, na shilingi 8 saa ambazo umeme hautumiwi sana. Betri ya pikipiki hubeba kama uniti 3. Tupige hesabu pamoja: 3 mara 16 ni shilingi 48, kabla ya kodi na ada nyingine. Basi dereva akifika kituoni kubadilisha betri akaambiwa alipe mara nne au mara tano ya fedha hiyo, ana haki ya kuuliza hesabu. Huenda ni halali, maana betri ni ghali, kituo kina mlinzi na kodi ya nyumba, na mwenye mali atataka faida. Lakini aulize. Petroli tuliinunua kwa bei iliyotangazwa kwa nchi nzima. Betri isiwe kitu cha kununuliwa gizani.

Mwanachama mmoja alituletea karatasi ya pikipiki ya mkopo aliyokuwa ametia sahihi. Hatutaitaja kampuni. Alikuwa hajaisoma. Tuliposoma naye, tukakuta kwamba akichelewa kulipa, chombo chaweza kuzimwa kutoka mbali, na fedha aliyokwisha kulipa hairudi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nilinunua siku, sikununua pikipiki." Maneno hayo yafikirini.

Sasa haki zetu. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba mwajiri anayepunguza watu kwa sababu kazi yao haihitajiki tena, sharti akipe chama cha wafanya kazi na afisa wa kazi taarifa muda usiopungua mwezi mmoja, akieleza sababu. Tena amlipe kila mtu mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Tajiri wa kituo cha petroli au gereji asiwaambie "mambo yamebadilika, kesho msije." Sheria haimruhusu.

Tena, kila mwajiri anatakiwa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi katika mfuko wa mafunzo wa NITA. Fedha hiyo ni ya kuwafundisha ninyi. Kisumu kuna chuo cha NITA, wala si mbali. Ni wangapi hapa wamewahi kupelekwa na matajiri wao? Tunaona mikono ni michache. Basi hilo ni deni.

Lakini tuseme kweli yote. Fundi mwenye kibanda chake, na kijana mwenye pikipiki ya mkopo, sheria hii ya ajira haiwafikii, kwa sababu hawana mwajiri. Wao hawana ngao ila kukaa pamoja. Ndiyo maana tumewaita hapa pamoja na wenye mishahara.

Hapa kwetu hatuwezi kusema habari za chama tusimtaje mwana wa Rusinga, Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani humo tangu 1969. Mwaka 1955 wafanya kazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikwenda kwao akiwa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Alisaidia watu warudi kazini na madai yao yapelekwe mbele ya baraza la uamuzi, na nyongeza iliyotoka ilikuwa asilimia 33. Mwaka 1956 alisafiri Marekani, na vyama vya huko vikatoa dola 35,000 ili Nairobi pajengwe nyumba ya vyama. Mmoja wa viongozi wa shirikisho lile la Marekani alikuwa Walter Reuther, mkuu wa UAW, chama hicho hicho cha wafanya kazi wa motokaa. Nyumba ya Nairobi iliitwa Solidarity House, na makao ya UAW huko Detroit jina lake ni hilo hilo. Kwa hiyo watu wa Lordstown si wageni kwetu. Walitusaidia kujenga nyumba. Leo tuchukue na somo lao.

Basi haya ndiyo tunayowaomba mkubali:

1. Mwanachama asitie sahihi karatasi ya pikipiki au gari la umeme kabla ya kuileta ofisini isomwe. Maswali ni manne: Betri ni ya nani? Ikichoka nani alipe? Nikichelewa kulipa, chombo kitazimwa lini na kwa taarifa gani? Kituo cha kubadilishia kiko wapi, na kikifungwa nifanye nini?

2. Kila fundi aandikishe jina kwa katibu wa tawi lake. Tukiwa na majina, tutaliendea shirika la mafunzo kwa madai yenye hesabu, siyo kwa malalamiko.

3. Katika kila mapatano mapya na wenye gereji, mabasi na vituo vya petroli, tutie sharti: chombo kipya kikiletwa, wafanya kazi waliopo wafundishwe kwanza kabla ya kuajiri wa nje.

4. Serikali za kaunti zote mbili ziombwe kwamba vituo vya kuchaji vikijengwa, kazi zake ziwafikie wale ambao petroli ilikuwa ikiwalisha, pamoja na akina mama wa chupa.

5. Mtu asipewe kufanya kazi ya umeme mkubwa bila glovu na bila mafunzo. Hakuna mshahara unaolipa mkono uliokufa.

Na sasa jibu la fundi wa Rongo, ambaye tunamwona ameketi pale nyuma. Ndugu yetu, injini ulizozifungua hazitakwisha mwaka huu wala mwaka ujao. Pikipiki za petroli ni nyingi mno barabarani, na zitaendelea kuharibika na kuletwa kwako. Muda huo ndio akiba yako. Ukiutumia, mwanao ataijua kazi ya baba na kazi inayokuja. Ukikaa ukingoja, atakuja mtu kutoka mbali na kisanduku chake, nawe utamshikia tochi katika kibanda chako mwenyewe. Hukumrithisha kazi iliyokufa. Umemrithisha mkono uliozoea chombo na akili ya kutafuta kosa liliko. Nusu iliyobaki mlete kwa katibu, jina lake liandikwe la kwanza katika orodha.

Daftari liko mezani, na kalamu ipo. Tupange mstari.

Umoja ni nguvu.